Kipimo cha vinasaba, siri ya mtoto na wajibu wa Serikali

(Mada iliyotolewa kwa kamati za parokia na wawakilishi wa wafadhili katika mkutano wa robo mwaka)



Katika robo hii parokia tatu zimetuandikia barua zenye ombi linalofanana. Zinaomba mfuko wa watoto ulipie kipimo cha vinasaba, yaani DNA, pale mwanamume anapomkana mtoto na mama akabaki bila matunzo. Kabla barua ya tatu haijafika, mmoja wa wafadhili wetu naye aliuliza swali la upande wa pili: fedha hizo zikitoka, sampuli ya mtoto inakwenda wapi, inakaa kwa nani, na nani anamsimamia huyo anayeitunza? Tumeona tuyajibu yote mawili leo, kwa kuwa la kwanza halijibiki vizuri mpaka la pili limeeleweka. Na ili msikae mkisubiri, tuseme mapema: ofisi iko tayari kulipia, ila kwa masharti, na baadhi ya masharti hayo hamtayapenda.

Kipimo chenyewe

Kipimo kinaanza na kitu kidogo sana. Pamba inapanguswa ndani ya shavu, basi. Katika mate na ngozi laini iliyobaki kwenye pamba hiyo mna seli, na ndani ya seli mna vinasaba, yaani urithi wote mtu alioupata kwa baba na mama. Maabara haisomi urithi wote. Inaangalia sehemu ishirini hivi zilizochaguliwa, ambazo hutofautiana sana kati ya mtu na mtu. Katika kila sehemu mtoto ana nakala mbili, moja ya mama na moja ya baba. Ile isiyotoka kwa mama haina budi iwe imetoka kwa baba. Mwanamume anayetajwa akikosa nakala hizo katika sehemu kadhaa, si baba. Akiwa nazo kote, maabara inakokotoa uwezekano, na kwa kawaida jibu hupita asilimia 99.9. Haliandikwi 100, na anayewaambia limeandikwa 100 hajaliona.

Hapa kuna jambo tunaloomba mlishike, maana yote yatakayofuata yanalitegemea. Kuna vitu viwili vinavyobaki baada ya kipimo. Kimoja ni orodha ya namba, kama arobaini hivi, ambazo peke yake hazielezi mengi zaidi ya kumtofautisha mtu na mwingine na kuonyesha nani ni ndugu wa nani. Cha pili ni ile pamba. Pamba ina kila kitu: ugonjwa wa selimundu kama umo katika ukoo, na mengine ambayo wataalamu hawajajua kuyasoma leo lakini watajua baada ya miaka kumi. Namba ni kama nambari ya shamba katika daftari. Pamba ni shamba lenyewe na kila kilichozikwa ndani yake.

Elimu hii si ya zamani. Mwanasayansi Alec Jeffreys aligundua njia ya kutambua mtu kwa vinasaba katika Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, Septemba 1984. Wengi hudhani ilianza kwa kukamata wauaji. Kazi yake ya kwanza, mwaka 1985, ilikuwa ya mama na mtoto. Familia yenye asili ya Ghana ilikuwa na kijana wao ambaye maofisa wa uhamiaji wa Uingereza hawakukubali kuwa ni mtoto wa mama huyo, na alikuwa hatarini kurudishwa. Kipimo kilionyesha ni wake, akabaki na mama yake. Mwaka uliofuata polisi wa eneo hilo hilo walikuwa na kijana wa miaka 17 aliyekiri kumuua msichana mmoja. Walitaka kujua kama ndiye aliyemuua pia msichana mwingine miaka mitatu kabla. Kipimo kilionyesha kwamba mtu aliyeacha mbegu zake kwa wasichana wote wawili ni mmoja, na si kijana huyo. Aliachiwa, na mhusika halisi akahukumiwa mwaka 1988. Kwa hiyo kipimo hiki kilipozaliwa kilimpa mtoto mama yake, kisha kikamtoa mtu asiye na hatia gerezani. Hatuji hapa kukisema vibaya.

Sisi wenyewe Afrika Mashariki tumekihitaji katika misiba. Lori la mafuta lilipolipuka Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, zaidi ya watu 100 walipoteza maisha na miili mingi haikuweza kutambulika kwa macho, ikabidi sampuli zichukuliwe. Miili zaidi ya 400 ilipofukuliwa katika msitu wa Shakahola, pwani ya Kenya, kuanzia Aprili 2023, ndugu walitoa sampuli na kusubiri karibu mwaka mzima. Miili ya kwanza ilikabidhiwa kwa familia Machi 2024. Aliyewahi kuketi matanga bila mwili anajua thamani ya jibu hilo.

Maabara nayo inahitaji mtu wa kuiangalia

Tatizo ni kwamba sisi wa kawaida tukiona karatasi ya maabara yenye muhuri tunaacha kuuliza. Hakimu naye ni binadamu. Shahidi wa macho atahojiwa asubuhi hadi jioni, lakini mtaalamu akisema vinasaba vimelingana, kesi imekwisha.

Desemba 2002 wakaguzi wa nje waliingia katika maabara ya polisi ya mji wa Houston, jimbo la Texas, Marekani. Walikuta paa linavuja, vielelezo viko hatarini kulowa na kuchanganyika, watumishi hawana mafunzo ya kutosha, na kumbukumbu za kazi ni hafifu. Kitengo cha vinasaba kilifungwa. Wakati huo alikuwapo gerezani kijana aliyekamatwa mwaka 1998 akiwa na miaka 16, akahukumiwa mwaka uliofuata kifungo cha miaka 25 kwa kosa la kubaka, ushahidi mkubwa dhidi yake ukiwa ni kipimo cha maabara hiyo. Sampuli zilipopimwa upya mahali pengine mwaka 2003, ilionekana si yeye. Alikwisha kukaa ndani zaidi ya miaka minne. Sayansi iliyotumika Houston ni ile ile ya Leicester. Tofauti ilikuwa paa, mafunzo, na kukosekana kwa mtu wa nje mwenye haki ya kufungua mlango na kuuliza. Mwaka 2005 jimbo la Texas likaunda tume ya kuchunguza malalamiko kuhusu sayansi jinai.

Uingereza yenyewe, ilikozaliwa elimu hii, ilianzisha nafasi ya msimamizi wa sayansi jinai mwaka 2007, lakini alikuwa mtu wa kushauri tu. Alipewa nguvu ya kisheria kwa sheria ya mwaka 2021, na kanuni zake zikaanza kufanya kazi Oktoba 2023. Miaka 16 kutoka kushauri hadi kuamuru! Tunalitaja hili ili tusijione tuko nyuma peke yetu.

Sasa turudi nyumbani. Bunge letu lilitunga Sheria ya Vinasaba vya Binadamu, Namba 8 ya mwaka 2009. Inahusu ukusanyaji wa sampuli, kuzifungasha, kuzisafirisha, kuzitunza, kuzichunguza na kuziteketeza, pia utoaji wa taarifa za vinasaba na utafiti. Msimamizi wake ni Mkemia Mkuu wa Serikali. Ofisi hiyo ina historia ndefu. Maabara ilianzishwa mwaka 1895, enzi za Wajerumani, kwa utafiti wa magonjwa ya nchi za joto. Ilifanywa wakala wa Serikali mwaka 1999, na kwa sheria ya mwaka 2016 ikawa Mamlaka kamili.

Kuna jambo jema hapa ambalo halisemwi vya kutosha. Mamlaka hiyo iko chini ya Wizara ya Afya, haiko chini ya Jeshi la Polisi. Anayekamata si yule anayepima. Maabara ya Houston ilikuwa ya polisi wenyewe, na mtumishi wa maabara kama ile anajua bosi wake anangoja jibu gani.

Lakini kuna jambo jingine tunalolisema kwa heshima. Mkemia Mkuu ndiye anayesimamia sheria ya vinasaba, na maabara yake ndiyo inayopima. Katika mpira hatukubali refa avae jezi ya timu mojawapo, hata kama ni mtu mwaminifu kuliko wote uwanjani. Hatumtuhumu mtu yeyote. Tunachosema ni kwamba shughuli ikikua, na inakua, nchi itahitaji jicho la nje: wataalamu wa kuipelekea maabara sampuli wanazojua jibu lake bila kuiambia, kuona kama itajibu sawasawa, taarifa ya mwaka inayosomwa na wananchi, inayoeleza sampuli ngapi zimeingia na ngapi zimeteketezwa, na mahali pa kupeleka lalamiko pasipo kupita kwa mlalamikiwa. Wabunge wenu wanafika parokiani hasa inapokaribia sikukuu na uchaguzi. Waulizeni. Swali la maji mtaliuliza, tunajua, na ni haki yenu. Lakini hili nalo linahusu watoto wenu.

Sheria pia haimruhusu mtu kuamka tu na kwenda kupima. Ombi la kipimo cha uzazi linapita kwa mamlaka zinazotambuliwa, kama mahakama, ofisa ustawi wa jamii au wakili. Wengine wanaona huu ni urasimu. Sisi tunaona ni ukuta wa kwanza wa mtoto. Baba mwenye hasira akiruhusiwa kukata unywele wa mtoto aliyelala na kuupeleka kupimwa, hakuna nyumba itakayolala.

Siri si ya mtu mmoja

Mwaka 2018 huko California polisi walimkamata mtu aliyeua na kubaka miaka ya sabini na themanini. Yeye hakuwahi kutoa sampuli popote. Walimpata kwa sababu watu wa ukoo wake wa mbali walikuwa wameweka taarifa za vinasaba vyao katika mtandao wa kutafuta ndugu, na polisi wakapanda mti wa ukoo hadi kwake. Mwaka 2020 alikiri makosa. Hatumlilii. Lakini mmeona ilivyokuwa: binamu wa mbali, ambaye pengine hawajawahi kuonana, alitoa siri ya ukoo mzima kwa hiari yake peke yake. Mtoto wa miaka miwili akipanguswa shavu Mbulu, vinasaba vya shangazi yake aliyeko Mwanza navyo vimekwenda kwa sehemu, na hakuna aliyemuuliza.

Ndiyo maana Serikali zinatamani sana kuwa na ghala la vinasaba, na ndiyo maana ghala hilo linahitaji kufuli. Nchi ya Kuwait, ambako Waafrika Mashariki wengi wameenda kufanya kazi za ndani, ilipata shambulio la bomu msikitini Juni 2015. Watu 27 waliuawa. Mwezi uliofuata bunge lake likapitisha sheria ya kumtaka kila mwananchi, kila mgeni mkaazi na hata mtalii atoe sampuli. Anayekataa, kifungo cha mwaka mmoja na faini ya dinari 10,000. Hakuna nchi nyingine iliyokuwa imethubutu hivyo. Hofu ilikuwa ya kweli na waliouawa walikuwa watu wa kweli, hata hivyo Mahakama ya Katiba ya huko huko iliifuta sheria hiyo Oktoba 2017.

Jirani zetu wa Kenya walifika karibu na jambo hilo bila bomu lolote. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2018 yaliyohusu usajili wa watu, yale yaliyoleta Huduma Namba, yaliingiza vinasaba katika orodha ya taarifa ambazo Serikali ingeweza kuchukua, pamoja na mahali halisi nyumba ya mtu ilipo. Mstari huo uliingizwa katika sheria ya marekebisho madogo madogo, ile ambayo wabunge huipitisha wakiwaza chakula cha mchana. Jukwaa la Haki za Wanubi, pamoja na Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, walikwenda mahakamani. Aprili 2019 Mahakama Kuu ilizuia vinasaba visichukuliwe wakati kesi ikiendelea, na tarehe 30 Januari 2020 majaji watatu wakaamua kwamba kuchukua vinasaba kwa ajili hiyo kunaingilia faragha kupita kiasi na hakuna ulazima, hivyo ni kinyume cha Katiba. Waliongeza kwamba usajili wenyewe usiendelee mpaka kuwe na utaratibu wa kutosha wa kuulinda.

Angalieni waliofungua kesi ya kwanza. Ni Wanubi, watu ambao kwa miaka mingi wamehangaika kupata vitambulisho nchini mwao. Wao ndio waliotambua haraka kuliko wengine kwamba taarifa ya ukoo, ikikaa mkononi mwa ofisa asiye na msimamizi, inaweza kugeuka swali la "wewe ni wa hapa kweli?"

Na huko Uingereza, mvulana wa miaka 11 alikamatwa mwaka 2001 katika mji wa Sheffield kwa tuhuma ya kujaribu kupora. Mahakama ilimwona hana hatia. Familia iliomba alama zake za vidole na sampuli yake viharibiwe, polisi wakakataa. Kesi ilikwenda hadi Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, na tarehe 4 Desemba 2008 majaji wote 17 waliamua kwamba kuhifadhi vinasaba vya watu wasio na hatia bila kikomo ni kuvunja haki yao ya faragha. Sheria ikabadilishwa mwaka 2012. Zaidi ya sampuli milioni 7 ziliteketezwa, na sasa sampuli inatakiwa iteketezwe ndani ya miezi sita, namba zikishapatikana. Mnakumbuka pamba na namba? Ndiyo tofauti hiyo hiyo, imewekwa katika sheria.

Katiba yetu, ibara ya 16, inalinda faragha ya mtu na familia yake. Kuanzia tarehe 1 Mei 2023 tunayo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ambayo inahesabu taarifa za vinasaba na taarifa za watoto kuwa ni nyeti, na imeunda Tume ya kuisimamia. Sheria hiyo haiwahusu Serikali na makampuni ya simu peke yao. Taasisi yoyote inayokusanya taarifa za watu inatakiwa kujisajili kwa Tume, na sisi tunaokaa na majalada ya yatima, wajane na wagonjwa tumo.

Kitanda hakizai haramu

Wazee wetu walisema kitanda hakizai haramu. Hawakuwa wajinga. Walijua mambo ya kitanda kama tunavyoyajua, ila waliamua kwamba mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa ni wa nyumba hiyo, na mdomo wa jirani ufungwe. Leo kitanda kinaweza kufunuliwa kwa pamba moja, na baadhi ya magazeti yetu yanaufurahia ufunuo huo. Takwimu za maabara zikitolewa, vichwa vya habari hupiga kelele kwamba wanaume wengi wanalea watoto wasio wao. Jamani, waliokwenda kupima ni wale waliokuwa na shaka tayari! Ukihesabu wagonjwa hospitalini utasema nchi nzima ina malaria. Tunaomba kamati zisizipeleke takwimu hizo katika jumuiya kama vile ni hali ya ndoa zetu.

Tunamfahamu mama mmoja, hatutamtaja wala kijiji chake. Aliomba matunzo, mwanamume akakana, kipimo kikafanyika kwa utaratibu wote wa sheria mpaka barua ya majibu ilipofika. Hapo utaratibu ukaisha. Barua ilifunguliwa katika kikao cha ukoo, mbele ya watu kama thelathini, na kusomwa kwa sauti. Majibu yalikuwa kwamba huyo si baba. Mtoto, wa darasa la tatu, alikuwa mlangoni. Tangu siku hiyo shuleni wanamwita "wa Mkemia". Maabara haikukosea hata nukta. Hakuna sheria ya vinasaba iliyomsaidia, kwa sababu siri ilitokea mikononi mwa watu waliokaa kwenye mkeka kama sisi.

Upande mwingine tunao wasichana wawili, mama zao walipata matunzo ndani ya miezi mitatu baada ya majibu, na baba mmojawapo leo anamlipia mwanawe ada bila kusukumwa. Kipimo kilikata maneno. Ndiyo maana hatukusema hapana kwa barua zenu.

Masharti yetu basi ni haya. Ofisi italipa gharama moja kwa moja kwa namba ya malipo ya Serikali. Fedha hazitapita mkononi mwa kamati wala kwa mama. Tutalipa pale tu ofisa ustawi wa jamii au mahakama imeomba kipimo, na baada ya mama kukaa na msaidizi wetu wa kisheria akaelezwa kwamba majibu yanaweza kuja tofauti na anavyotarajia, na kwamba anaweza kusema hataki. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaipa mahakama nafasi ya kuagiza kipimo, lakini inaruhusu pia uzazi uthibitishwe kwa njia nyingine, na mara nyingi barua, picha, mashahidi na cheti cha kuzaliwa vinatosha. Tuanze na hivyo. Baba akikiri mbele ya ofisa ustawi, hakuna pamba itakayogusa shavu la mtoto.

Hakuna mjumbe wa kamati atakayebeba sampuli, hata akiombwa na hata kama anakwenda mjini kwa shughuli zake. Sampuli huchukuliwa na mtaalamu mbele ya wahusika, hufungwa, huandikwa na kusainiwa kila inapobadili mkono. Mkono mmoja usioandikwa ukiingia katikati, kesi imeharibika, na mjumbe huyo atakuwa shahidi.

Majibu hayatawekwa katika jalada la parokia. Tunajua mtalalamika kwamba mnahitaji kumbukumbu za matumizi ya fedha. Kumbukumbu mtakayopewa itasema: kipimo kimoja kimelipiwa, tarehe fulani, kiasi fulani. Jina halitakuwamo, na jibu halitakuwamo. Wafadhili wetu nao wamekubali kupokea taarifa ya namna hiyo, bila picha ya mtoto wala hadithi yake, na tunawashukuru, kwa kuwa tunafahamu ofisi zao huko zinapenda picha.

Kwa watoto waliobakwa, jambo ni tofauti kidogo. Hapo msisubiri barua wala kikao. Mtoto apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, asiogeshwe, nguo zake ziwekwe katika mfuko wa karatasi, na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi lijulishwe kwa ajili ya PF3. Dawa ya kuzuia maambukizi ya VVU ni lazima ianze ndani ya saa 72, na ushahidi wa vinasaba hupotea haraka vile vile. Ukoo ukija na mbuzi wa suluhu, mwambieni mwenyekiti wa jumuiya asimpokee. Gharama za usafiri wa mtoto na mlezi wake tutazirudisha kwa risiti, na pasipo risiti kwa saini ya mwenyekiti.

Na kuhusu jamaa walioko ng'ambo wanaotuma vifurushi vya kutemea mate ili wajue asili ya ukoo: kampuni kubwa kuliko nyingi katika biashara hiyo, 23andMe ya Marekani, iliomba kinga ya kufilisika Machi 2025 ikiwa na taarifa za wateja zaidi ya milioni 15, na wateja wakaanza kuhangaika kuzifuta kabla hazijauzwa. Mtu mzima ana hiari yake. Mtoto aliye katika mpango wetu wa ufadhili asitemeshwe mate kwa ajili ya udadisi wa mtu yeyote, awe mfadhili au mjomba.

Zile parokia tatu zitapata majibu ya barua zao kabla ya mwisho wa mwezi huu. Fomu mpya ya maombi ina ukurasa mmoja na inapatikana kwa msaidizi wa kisheria. Itakayofika kwetu bila barua ya ofisa ustawi wa jamii au ya mahakama tutairudisha. Makatibu walio na majibu ya zamani katika makabati ya parokia wayalete ofisini katika bahasha iliyofungwa, tutayakabidhi kwa mama wenyewe mmoja mmoja. Karibuni kwa maswali.